Maswali yanayoulizwa sana kuhusu kufufua mji wa zamani kwa ubia na wananchi

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wakianza kuongea habari ya kuamsha mitaa ya zamani ya katikati ya mji, ile yenye majengo mazuri lakini fremu nusu zimefungwa na juu ghorofani hakuna mtu. Majibu mengine ni marefu, mengine mafupi. Pale nilipokaa sana ni pale ambapo miradi mingi inaharibikia.

Kufufua mji manake nini hasa, si kupaka rangi tu?

Rangi ni kazi ya wiki moja, na hata jengo linalooza kwa ndani linapakika vizuri tu. Kufufua ni watu kurudi kuishi pale, kufanya kazi pale, kununua vitu pale, na majengo yanatunzwa kwa sababu yanatumika. Mimi huwa naangalia kitu kimoja kwanza: saa mbili usiku taa za ghorofani zinawaka? Kama duka la chini limerembwa na juu ni giza tupu basi kazi bado, manake jengo lenye mtu ndani lina mtu wa kusikia paa likivuja.

Kwani mitaa hii inakufa kwa nini?

Mara nyingi uzee hauhusiki. Jengo la mawe la miaka mia likiwa na paa zima linaweza kukaa mia nyingine. Kinachotokea ni mlolongo: barabara kubwa inajengwa nje ya mji, maduka makubwa yanahamia huko penye nafasi ya kuegesha, ofisi nazo zinafuata, wateja wanapungua, mwenye jengo anaona pango halimlipi anaacha kuziba paa, maji yanaingia, boriti zinaoza, mpangaji wa juu anahama, jirani akiona mtaa umechoka na yeye anakata tamaa.

Ongeza umiliki. Jengo moja lina warithi wengi walioko nchi tofauti na hakuna anayeweza kusaini peke yake, basi linakaa hivyo hivyo miaka na miaka. Na wapo pia wanaoliacha jengo lianguke makusudi, sababu kiwanja kitupu kinauzika haraka kuliko nyumba yenye masharti ya hifadhi. Hawa wapo, na mpango wowote unaojifanya hawapo utashindwa.

Si bora kubomoa tukajenga ya kisasa?

Angalia Savannah, jimbo la Georgia kule Marekani. Mwaka 1954 walibomoa soko lao la zamani la katikati ya mji wakaweka jengo la kuegesha magari. Watu waliumia sana, na mwaka uliofuata wanawake saba wakaanzisha Historic Savannah Foundation, chama cha kulinda majengo ya zamani, ili nyumba ya kale ya Davenport nayo isiende njia hiyo hiyo. Leo Savannah inaishi kwa sehemu kubwa kwa wageni wanaokuja kuona zile nyumba zilizobaki. Na lile jengo la magari? Lilikuja kubomolewa, na mwaka 2010 uwanja wa Ellis Square ukafunguliwa tena pale pale. Yaani mji umelipa mara mbili, kuharibu na kurudisha, na soko lenyewe halikurudi.

Seattle, huko huko Marekani, wao waliwahi. Soko la Pike Place la mwaka 1907 lilikuwa kwenye mpango wa kubomolewa, wananchi wakakusanya saini, jambo likapigiwa kura mwaka 1971 na soko likashinda. Kitu ambacho watu hawakisimulii sana ni kilichofuata: mwaka 1973 likaundwa shirika la umma la kusimamia soko, lenye jukumu la kutunza majengo na pia wauzaji wadogo na wakazi wa kipato cha chini. Kura iliokoa jengo, shirika ndo limelifanya liendelee kuwa soko.

Kuna na hesabu ya kawaida tu ya biashara. Jengo jipya limejengwa kwa mkopo na mkopo lazima urudi, kwa hiyo pango lake linakuwa juu. Fremu ndogo kwenye jengo lililolipiwa miaka mingi iliyopita ndo mahali fundi saa, fundi viatu au kijana anayeanza anaweza kupamudu, ukizibomoa zote umewafungia nje watu wote wa aina hiyo kwa siku moja.

Ila sitasema kila ukuta uokolewe. Injinia anayejua majengo ya zamani akisema hili limefika mwisho, sikiliza. Lakini awe ni huyo anayejua majengo ya zamani kweli, asiwe wa yule anayetaka kiwanja.

Tukianza tuanzie wapi?

Kwenye paa na gata. Najua haipendezi kupiga picha, hakuna kiongozi atakayekata utepe kwenye bomba la maji ya mvua, lakini maji ndo adui mkubwa kuliko wote na kuziba paa ni rahisi sana ukilinganisha na kujenga upya ghorofa lililodondoka.

Kabla ya hapo lakini pitieni mtaa mzima kwa miguu na daftari. Kila jengo andikeni nani mwenye nalo, nani yuko ndani sasa hivi na analipa kwa mkataba gani, paa likoje, juu kuna mtu au pametupwa, nini kiliwahi kufanyika humo. Kazi hii ifanywe na watu wa mtaani wenyewe pamoja na mtaalamu, manake mtaalamu anaona ufa na mkazi anajua ufa ulianza lini. Hilo daftari litawasaidia kuliko ripoti yoyote yenye jalada la kung'aa.

Alafu chagueni sehemu moja ndogo. Maduka matatu manne yaliyoshikana yakiamka kwa pamoja mtu anaona mtaa umebadilika, yakitawanyika kila moja kona yake hakuna anayeona kitu.

Kwenye ubia wawepo kina nani?

Wenye majengo, wapangaji wa biashara, wakazi, halmashauri ya mji, benki au chama cha akiba na mikopo, mafundi, na taasisi za dini kama zina majengo au mali za wakfu pale (mara nyingi zinazo, na mara nyingi zinasahaulika). Wapangaji wawe na viti vya kupiga kura, wasiitwe tu siku ya kupewa taarifa.

Mfano uliojaribiwa sana ni wa Marekani unaoitwa Main Street. National Trust for Historic Preservation, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, walianza na miji mitatu midogo mwaka 1977, Galesburg ya Illinois, Madison ya Indiana na Hot Springs ya South Dakota, alafu mwaka 1980 wakafungua kituo cha kitaifa. Kazi yao inaenda kwa pande nne zinazotembea pamoja: kujipanga kama watu, kutangaza mtaa, muonekano wa majengo, na uchumi wa biashara zenyewe. Ila siri kwa maoni yangu ni kwamba kila mji kati ya ile mitatu uliwekewa meneja wa kudumu anayelipwa, ambaye kazi yake ni mtaa huo tu. Kamati ya kujitolea peke yake inachoka. Kila mtu ana duka lake la kufungua asubuhi, barua haijibiwi, simu haipigwi, na baada ya muda mnabaki mnalaumiana. Kama mna hela ya kitu kimoja tu, ajirini mtu.

Hela zinatoka wapi?

Hakuna mfuko mmoja utakaofanya kila kitu na ukiona mradi unategemea mfadhili mmoja jua akiondoka na wenyewe umeondoka. Miradi inayodumu inapanga hela kwa tabaka. Hela ya serikali au halmashauri iende kwenye vitu vya wote, mitaro, taa, njia za miguu, vyoo vya umma. Ruzuku iende kwenye gharama ambayo soko halitalipa kamwe, mfano kurekebisha nakshi au kuimarisha msingi. Mkopo uende kwenye kile kinachorudisha hela, kama vyumba vya kupangisha juu ya duka. Na mwenye jengo atoe chake hata kama ni kidogo, sababu asiyetoa kitu hatalinda kitu.

Ruzuku ya nusu kwa nusu inafanya kazi vizuri hapa. Think City ya Malaysia iliyoanzishwa 2009 ilianza na mpango wa namna hii kule George Town, Penang, mwenye jengo anaweka sehemu yake na mfuko unaongezea.

Njia nyingine ni nafuu ya kodi ya serikali. Marekani mtu akikarabati jengo la kihistoria lililothibitishwa, la kumwingizia kipato, anapunguziwa kodi ya mapato ya serikali kuu kwa asilimia 20 ya gharama zinazokubalika, kiwango hicho kipo tangu 1986. Nyumba ya kuishi mwenyewe haimo. Uzuri wake ni kwamba kazi lazima ifuate viwango vya uhifadhi, ukivunja kila kitu ndani hupati kitu.

Mfuko wa kuzunguka ndo upi huo?

Chama kinanunua jengo lililo hatarini, kinalitengeneza au kinaliuza kama lilivyo kwa mtu atakayelitengeneza, na hati inauzwa ikiwa na sharti la kutobomoa na kutobadilisha uso wa jengo. Hela inayorudi inanunua jengo linalofuata. Savannah walitumia sana njia hii. Inafaa pale bei za majengo ziko chini bado, bei zikishapanda mfuko mdogo hauwezi kushindana na wanunuzi wengine, kwa hiyo anzeni mapema.

Na tozo ya mtaa?

Wafanyabiashara wa eneo wanakubaliana kujitoza nyongeza kidogo, halmashauri inakusanya kwa niaba yao na inawarudishia yote waitumie kwenye usafi, ulinzi, taa na matangazo ya mtaa wao. Wa kwanza walikuwa Bloor West Village, Toronto kule Kanada, mwaka 1970, wakati treni ya chini ya ardhi na maduka makubwa vilipokuwa vinawachukulia wateja. Leo miji mingi duniani inayo. Angalizo langu ni moja: sehemu nyingi mwenye jengo anaihamishia tozo kwa mpangaji kimya kimya, kwa hiyo mpangaji mdogo ndo analipa na kwenye bodi hayupo. Andikeni toka mwanzo nani analipa.

Tunaweza kuuza hisa kwa wananchi wenyewe?

Mnaweza, na mimi naipenda njia hii sababu mtu mwenye hisa hata moja anapita pale akiangalia kama mali yake. Lakini msichanganye hela ya kujenga na hela ya kuendesha. Gati la Hastings huko Uingereza liliungua mwaka 2010, maelfu ya watu wakanunua hisa, likafunguliwa 2016, mwaka 2017 likashinda tuzo ya Stirling ambayo ni kubwa kabisa kwa wasanifu majengo wa nchi ile, na mwezi uliofuata chama kikaingia kwenye ufilisi. Mwaka 2018 likauzwa kwa mtu binafsi. Kitu kilikuwa kizuri, watu walikuwa na moyo, mapato ya kila siku ndo hayakufikia gharama za kila siku. Kabla hamjauza hisa ya kwanza pigeni hesabu ya mwaka wa tatu, wakati sherehe imeisha na bomba limepasuka.

Mwenye jengo hapatikani, au warithi hawaelewani, tufanyeje?

Msisubiri mirathi iishe, inaweza isiishe. Ombeni makubaliano madogo kwanza, ruhusa ya kuziba paa tu bila kugusa swali la nani ni mwenye mali, warithi wengi wanakubali hilo kwa sababu halimpunguzii mtu kitu. Hatua ya pili ni upangaji wa muda mrefu, chama kinatengeneza na kukaa kwa miaka tunayokubaliana alafu jengo linarudi kwao likiwa zima na pango la ukumbi au fremu linagawanywa kwa warithi kadiri ya mafungu yao.

Ikishindikana kabisa ndo inakuja nguvu ya sheria, na hapa halmashauri lazima iwe upande wenu. Kule Boston, Marekani, wakazi wa mtaa wa Dudley Street walianzisha chama chao mwaka 1984, wakati eneo lao limejaa viwanja vitupu vilivyotelekezwa na takataka za kutupwa usiku, na mwaka 1988 mji ukawapa mamlaka ya kutwaa viwanja hivyo vitupu kwa fidia. Ardhi wakaiweka kwenye dhamana ya jamii, yaani inashikwa kwa niaba ya wakazi wote, isiuzwe tena, nyumba zikajengwa juu yake kwa bei ambayo wakazi wanaimudu. Ni kitu adimu sana mji kuwapa wananchi nguvu ya namna hiyo, lakini kimewahi kufanyika.

Tutumie saruji au chokaa?

Kwenye ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, chokaa. Fundi atakwambia saruji ni imara zaidi na ni kweli ni ngumu zaidi, na hapo ndo tatizo lilipo. Ukuta wa chokaa unapitisha unyevu, maji yakipanda kutoka ardhini yanatokea nje na kukauka. Ukiufunika kwa plasta ya saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, mawe yanalika, ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza na wewe huoni kitu mpaka plasta imeng'oka na nusu ya ukuta. Chokaa ni ya polepole, inahitaji kulowekwa na kukaa, na inakauka taratibu kwa hewa, kwa hiyo mkandarasi mwenye haraka haipendi.

Kwa sababu hiyo kila mradi uwe na mafundi wazee wanaofundisha vijana, na walipwe kwa kufundisha. Fundi wa chokaa wa mwisho akifa mji mzima umebaki na saruji.

Mtaa ukipendeza wapangaji wa zamani si watafukuzwa?

Ndiyo, kama hamjajipanga watafukuzwa. Hili ndo swali ningeomba liulizwe kikao cha kwanza badala ya cha mwisho.

George Town kwa miaka mingi ilikuwa na sheria ya kudhibiti pango. Ilikuwa na ubaya wake, mwenye jengo alikuwa anapata kidogo hana hata hamu ya kupiga rangi. Lakini sheria ilipofutwa, kuanzia Januari 2000, pango lilipanda ghafla na familia na mafundi wengi waliokuwa wamekaa vizazi kwenye zile nyumba zenye duka chini na makazi juu wakahama. Mji ulipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 sehemu kubwa ya waliofanya mtaa uwe na maisha walikuwa wameshaondoka, na baada ya hapo zikaja hoteli na mikahawa ya wageni.

Bologna ya Italia walienda kinyume. Mpango wao wa mji wa kale wa mwaka 1969, na ule wa nyumba wa 1973, ulihesabu wakazi wa kipato cha chini kama sehemu ya urithi wenyewe. Walifikiria kwanza kutwaa majengo, upinzani ukawa mkubwa, wakaishia kwenye mikataba: mwenye jengo anapewa msaada wa ukarabati na yeye anakubali pango la kiasi na wapangaji wale wale kurudi kazi ikiisha. Haikumaliza kila kitu, lakini kanuni ni safi na inaweza kuigwa popote, hela ya umma ikiingia kwenye jengo la mtu binafsi inaingia na sharti kwa faida ya aliyemo.

Kwa hiyo andikeni hivi vitu kabla hela haijafika. Mpangaji aliyepo ana haki ya kurudi baada ya ukarabati. Pango halipandi zaidi ya kiasi mlichokubaliana kwa miaka kadhaa. Wakati wa ujenzi biashara inapewa sehemu ya muda jirani, isiwe nje ya mji ambako wateja hawafiki. Na majengo machache yawe mali ya jamii moja kwa moja, chama cha ushirika au wakfu, sababu mkataba una mwisho ila umiliki ndo unabaki. Mkisubiri hadi bei zimepanda, hakuna mwenye jengo atakayesaini.

Wachuuzi wa barabarani waondolewe?

Hapana. Wao ndo wameufanya mtaa uwe na watu wakati maduka yamefunga. Wapangiwe sehemu pale pale penye wapita njia, wawekewe maji na kivuli, wapewe vitambulisho na kiti kwenye kamati.

Tufunge barabara magari yasiingie?

Inategemea kama kuna watu tayari. Kalamazoo, Michigan, walifunga mtaa wao wa katikati mwaka 1959, wa kwanza Marekani kwa aina yake, miji mingi ikaiga, na mingi ikaja kufungua tena baada ya kuona mtaa umekuwa mtupu zaidi, wenyewe Kalamazoo waliyarudisha magari kwenye sehemu ya mtaa mwaka 1998. Copenhagen ya Denmark walifunga mtaa wao wa Strøget mwaka 1962 na hadi leo umejaa. Kule watu walikuwa wanaishi karibu na mtaa na wanafika kwa miguu na baiskeli, kwingine walikuwa wameshahamia mbali. Jaribuni siku moja ya wiki, hesabuni watu, muone.

Tukiingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO si tumeshinda?

Mmepata jina na macho ya watu, hela kidogo sana, na wajibu mkubwa. Orodha haizibi paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na umo kwenye orodha tangu 2000, lakini Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo ndo kubwa na maarufu kuliko yote pale, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Inauma kuandika hivyo. Liverpool nao waliingia 2004 na wakatolewa 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya kwenye eneo la bandari. Ombeni mkitaka, ila mpango wa matunzo wa kila mwaka uwepo hata kama jibu ni hapana.

Itachukua muda gani?

Miaka. Mabadiliko madogo mnaweza kuyaona mwaka wa kwanza, ila mtaa mzima hesabuni kumi na kuendelea. Kila mwaka tarehe ile ile rudini na daftari lile la mwanzo mhesabu fremu zilizofungwa, ghorofa zenye watu, biashara za zamani ambazo bado zipo. Hiyo ya mwisho wengi hawaihesabu, na ndo inayoonyesha mradi ni wa nani. Idadi ya wageni waliopiga picha iwekeni chini kabisa.

Amekuja mwekezaji mkubwa anataka mtaa mzima kwa pamoja, tukubali?

Msimfukuze na msisaini. Mwambieni alete mahesabu yake kwenye kikao cha wazi, sio ofisini kwa mtu. Ulizeni wapangaji waliopo wanakwenda wapi wakati wa ujenzi na wanarudi kwa pango gani, ulizeni mafundi watatoka wapi, ulizeni nini kinatokea mradi ukisimama katikati na ukuta wa mbele umeshavunjwa, na hapo dai dhamana ya benki, maneno hayatoshi. Kama anaweza kuanza na majengo mawili matatu kwa masharti yenu na mengine yakafuata baada ya kuyaona yale yamekamilika, huyo mnaweza kuongea naye. Akisema ni yote au hakuna, mnarudi kwenye maduka yenu matatu na gata zenu, kazi inaendelea.